Wiki 29, urefu sentimita 148, na dawa ya mama mkwe

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Nina miaka 24, naishi nje kidogo ya mji wa Morogoro, na hii ni mimba yangu ya kwanza, ina wiki 29. Natamani kujifungua kwa njia ya kawaida lakini naogopa sana. Dada yangu wa tumbo moja alipasuliwa mwaka juzi. Kliniki nesi alinipima urefu akapata sentimita 148, akaweka alama kwenye kadi, na majirani wanasema nyonga zangu ni ndogo, sitaweza. Naishi na mama mkwe. Ananiambia nisilale mchana, nideki nyumba kila siku, ninywe maji ya bamia, na mwezi wa tisa ukiingia atanipa dawa ya kienyeji ya kulainisha njia. Mume wangu ni dereva wa malori, siku ikifika huenda yuko safarini. Nifanye nini kuanzia sasa ili uchungu usiwe mrefu na nisipasuliwe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hongera kwa kufika wiki 29, na pole kwa maneno ya majirani. Nimefanya kazi ya ukunga miaka 27. Hayo maneno ya "nyonga ndogo" nimeyasikia yakisemwa juu ya wanawake ambao baadaye niliwapokea watoto wao kwa mikono yangu mwenyewe, bila shida yoyote. Tuanze hapo, maana naona hapo ndipo hofu yako ilipoota mizizi.

Nyonga haipimwi kwa macho. Kile watu wanachokiona ukipita barabarani ni nyama na mafuta. Njia anayopita mtoto iko ndani, katikati ya mifupa, na haina uhusiano na ukubwa wa makalio. Tena haihitajiki nyonga kubwa, inahitajika nyonga ya kumtosha mtoto huyu uliye naye. Viungo vya nyonga hulegea kidogo wakati wa ujauzito, na mifupa ya kichwa cha mtoto bado haijaungana, kwa hiyo hupandana kidogo anapopita. Kipimo cha kweli ni uchungu wenyewe. Uchungu ukiwa na nguvu, njia ikafunguka na kichwa kikashuka, basi nyonga imetosha, watu waseme watakavyo.

Kwa nini basi nesi aliweka alama? Kwenye kadi ya kliniki, urefu chini ya sentimita 150 ni moja ya mambo ya kuangaliwa, kwa sababu kwa wanawake wafupi uwezekano wa mtoto kukwama ni mkubwa zaidi kuliko kwa wengine. Alama hiyo haimaanishi kwamba utapasuliwa. Inamaanisha ujifungulie mahali penye chumba cha upasuaji na damu ya akiba, ili ikihitajika msaada usiwe wa kufuatwa mbali. Nimewaona wanawake wenye alama kama yako waliojifungua salama asubuhi, na jioni wakaruhusiwa kukaa kitandani wanacheka na ndugu zao. Kwa hiyo usipange kujifungulia zahanati ya jirani, hata kama manesi wake ni wapole kiasi gani. Kliniki ijayo uliza: "Kwa alama hii, nijifungulie wapi?" Jibu liandikwe kwenye kadi.

Na dada yako, muulize alipasuliwa kwa nini. Watu wengi hawajui sababu ya upasuaji wao wenyewe. Kama mtoto alitanguliza matako, au mapigo ya moyo yalishuka, au kondo la nyuma lilikaa chini, hayo ni ya mimba ile na hayakuhusu wewe. Kama mtoto alikwama kwa sababu ya nyonga, mwambie daktari, ni habari ya kumsaidia kukuangalia vizuri. Hukumu yako haijatoka bado.

Sasa maandalizi. Wengi wanaoniuliza swali hili wanatafuta kitu kimoja cha kunywa au kujipaka mwezi wa tisa. Kitu hicho hakipo. Uchungu unaokwenda vizuri hutegemea damu ya kutosha, mwili uliozoea kutembea, mama anayejua kinachomtokea, na mtu wa kuwa naye pale kitandani. Hilo la mwisho ndilo nitakalolisema kwa urefu, kwa sababu ndilo linalosahaulika, na kwa sababu naamini mtu wako unaye tayari, ila umemweka upande wa matatizo.

Damu kwanza. Wingi wa damu chini ya gramu 11 kwa desilita kwa mama mjamzito ni upungufu, na mama mwenye upungufu huingia leba akiwa amechoka kabla hata ya kuanza. Hatari kubwa zaidi ni baada ya mtoto kutoka: mama mwenye damu ya kutosha akitokwa na damu nyingi anakuwa na akiba, lakini mwenye damu chache kila tone linamgharimu. Vile vidonge vya Fefo unavyopewa kliniki meza kila siku, usiviache kwa sababu vinafanya choo kiwe cheusi au kigumu, hiyo ni kawaida yake. Usimeze na chai. Majani ya chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, kwa hiyo acha ipite saa moja au mbili kati ya kidonge na kikombe. Meza na maji ya machungwa, ndimu au ukwaju, yanasaidia chuma kuingia. Mboga zetu kama matembele na mchicha kamulia ndimu, na dagaa na maharage viwepo mezani mara kwa mara. Kama unakula udongo (najua wengi wanakula na hawasemi) mwambie nesi bila aibu. Mara nyingi hamu ya udongo huenda pamoja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kuleta minyoo.

Kwenye kliniki sina mengi, unazo ratiba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mahudhurio 8, na kwa wiki zako yamebaki ya 30, 34, 36, 38 na 40. Usiruke la 36. Ndilo la kujua mtoto ametanguliza nini. Akiwa ametanguliza matako bado kuna nafasi ya daktari kujaribu kumgeuza kutoka nje, na akibaki hivyo mnapanga mapema badala ya kugundua usiku wa uchungu. Vidonge vya SP vya kuzuia malaria umeze kila unapopewa, angalau mara tatu, mwezi ukiwa umepita katikati. Lala ndani ya chandarua. Na tangu wiki ya 28 lala kwa ubavu, usilale chali, kwa sababu uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa na damu ya mtoto hupungua. Ukiamka usiku umelala chali, geuka tu, usijilaumu.

Sasa nije kwa mama mkwe, na nitamtetea kabla sijamkatalia.

Bamia ni chakula kizuri. Ina nyuzinyuzi za kulainisha choo, na wewe unayemeza Fefo choo laini ni neema. Lakini ute wake huishia tumboni na kwenye utumbo. Hauna njia ya kufika anapopita mtoto. Kula bamia, kunywa hata maji yake kama unayapenda, ila usiyategemee kwa uchungu. Mlenda ni vivyo hivyo. Kwa upande wa vyakula, tende ndiyo iliyofanyiwa utafiti unaonitia moyo kidogo. Ule uliofanyika Jordan na kuchapishwa mwaka 2011 uliwalinganisha wanawake 69 waliokula tende sita kwa siku katika wiki nne za mwisho na wengine 45 ambao hawakula. Waliokula tende walifika leba njia ikiwa imefunguka zaidi, na wengi wao uchungu ulianza wenyewe. Ni utafiti mdogo, sitakuahidi kitu kwa huo. Kama unazipata na huna ugonjwa wa sukari, kula.

Kudeki nako ana hoja. Mwili unaotembea huchelewa kuchoka, na wanawake wajawazito wasio na tatizo wanashauriwa dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki, yaani kama nusu saa ya kutembea siku tano. Kutembea kwenda sokoni kunahesabika. Kudeki kwa magoti na mikono chini hupumzisha mgongo, kwa sababu tumbo linaning'inia mbele badala ya kukulalia. Haijathibitika kwamba kunamgeuza mtoto akae vizuri kwa kudumu, lakini kama mgongo unauma, dakika kumi za namna hiyo ni dawa. Kukaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, magoti yakiwa wazi na mwili umeinamia mbele, ni zoezi ambalo bibi zetu walilifanya bila kulipa jina, na mimi nalipenda. Kuchutama pia, ukishikilia mlango au kitanda, uinuke taratibu. Usichutame kwa muda mrefu kama unasikia mkandamizo chini au kama daktari amekukataza.

La kulala mchana, hapo amekosea. Lala. Mimba ya wiki thelathini ni kazi, na mchana ukipata saa moja ya kulala ubavuni hujamwibia mtu kitu.

Na dawa ya kienyeji, mwanangu, usinywe. Hapa sina njia ya katikati. Nikiwa kituo kimoja cha afya miaka mingi iliyopita aliletwa mama wa mimba ya pili, amekunywa kikombe tangu alfajiri. Nilipoweka mkono tumboni, tumbo lilikuwa gumu kama ubao na halikulegea. Nilingoja dakika moja, mbili, tatu, bado gumu. Uchungu wa kawaida hubana kisha huachia, na wakati ule wa kuachia ndipo mtoto anapopata hewa kupitia damu ya mama. Yule mtoto hakuwa anapewa nafasi hiyo. Tulimkimbiza hospitali, mama akapona, mtoto hatukumpata. Aliyemchemshia alikuwa bibi yake aliyempenda, na nia yake ilikuwa kumpunguzia mateso. Baadhi ya mitishamba inayoitwa ya kulainisha njia kwa kweli inabana kizazi kwa nguvu, na hakuna anayejua kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani. Kizazi kinaweza kuchanika. Hospitali tunayo dawa ya kuongeza uchungu, lakini inakwenda kwa matone yanayohesabiwa, mtu akisikiliza moyo wa mtoto, na tumbo likigoma kulegea tunafunga. Kikombe kikishamezwa hakifungwi. Mafuta ya nyonyo nayo usinywe, yatakuharisha ukaingia leba umekauka maji. Vidonge vya kuanzisha uchungu vinavyouzwa kwa siri, hivyo ndio kabisa usiviguse.

Utamwambiaje bila kumvunjia heshima? Usimkatalie jikoni, mkiwa wawili, akiwa ameshika sufuria. Mpeleke kliniki. Mwombe akusindikize hudhurio la wiki ya 30, umwambie, "Mama, nataka wewe ndiye uwe nami siku yenyewe, twende ukawasikie." Akae, asikie nesi akieleza, aulize maswali yake. Dawa ile aliipanga kwa sababu alitaka kuwa na sehemu katika uzazi wako. Mpe sehemu iliyo kubwa kuliko kuchemsha majani.

Maana mtu wa kuwa nawe ndiye dawa iliyothibitishwa kuliko zote nilizokutajia. Mapitio ya tafiti 26 zilizohusisha wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba wanawake waliokuwa na mtu wa kuwasaidia mfululizo wakati wa uchungu walijifungua wenyewe kwa njia ya kawaida zaidi, walipasuliwa mara chache zaidi, na uchungu wao ulikuwa mfupi zaidi. Hilo ndilo hasa ulilouliza. Sababu yake naiona kila siku kazini. Mama akiogopa, mwili hutoa homoni ya kukimbia hatari, na homoni hiyo hugombana na ile inayokaza kizazi. Mbuzi akishtuliwa akizaa, husita. Nasi ni hivyo hivyo. Mama aliyeachwa peke yake, kitanda cha pili kuna anayepiga kelele, hajui kinachofuata, uchungu wake unaweza kupungua nguvu usiku mzima. Anapoingia mtu wake, akamshika mkono, mara nyingine ndani ya saa moja naona tumbo linabana vizuri tena.

Kumsaidia kunafundishika, na mnaweza kuanza leo jioni. Wewe simama umeegemea dirisha au ukingo wa kabati, mikono imekunjwa, paji la uso limelala juu ya mikono, miguu imeachana. Mama mkwe asimame nyuma yako, apake mafuta ya nazi kiganjani, kisha asukume kwa kisigino cha mkono pale chini kabisa ya mgongo, juu kidogo ya mfereji wa makalio. Asisugue ngozi, asukume mfupa, taratibu na kwa nguvu, kama anayekanda unga wa chapati. Umwambie panda, shuka, zaidi, punguza. Siku ya uchungu hutakuwa na maneno ya kumwelekeza, kwa hiyo mkono wake uwe umeshajua. Wakati anasukuma, wewe vuta hewa kwa pua, itoe polepole kwa mdomo uliolegea, mabega yashuke. Taya likibana na msamba (nyama iliyo kati ya uke na haja kubwa) unabana, taya likilegea na huko chini kunalegea. Jaribu sasa ukiwa umekaa, utasikia mwenyewe.

Uliza mapema hospitali yako kama wanaruhusu msindikizaji leba. Nyingine zinaruhusu, nyingine vyumba vimebanana na kila kitanda kina mtu, wanakataa kwa ajili ya faragha ya wengine. Wakikataa, uliza kama anaweza kuwa nawe hadi njia ikaribie kufunguka. Hata saa hizo ni faida. Na wifi yako, kama unaye, awe wa akiba.

Sasa uchungu wenyewe, maana anayeujua haumtishi sana. Utakuwa na maumivu ya danganya toto wiki za mwisho: tumbo linabana, hakuna mpangilio, ukitembea au ukioga yanatulia. Uchungu wa kweli hauachi ukitembea, unazidi kukaribiana na unazidi kukaza. Nitakufundisha tunavyopima kwa mkono. Weka vidole juu ya tumbo linapobana. Likibonyea kama ncha ya pua, uchungu bado mwepesi. Likibonyea kidogo kama kidevu, unakuja. Likiwa gumu kama paji la uso, huo ndio wenyewe. Gusa pua yako, kidevu, paji, halafu tumbo. Mfundishe na mama mkwe, awe anapima na kuangalia saa wewe ukiwa umeshughulika na pumzi.

Njia hufunguka hadi sentimita 10, lakini zile za mwanzo huenda polepole sana. Kwa mimba ya kwanza, kipindi cha kufika sentimita 5 kinaweza kula siku nzima, na hiyo si dosari. Kuanzia 5 ndipo kasi inaongezeka, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unasema toka hapo hadi 10 kwa kawaida haizidi saa 12 kwa mimba ya kwanza. Ule mtindo wa zamani wa kudai sentimita moja kila saa kwa kila mwanamke uliachwa kuwa kipimo cha kumhukumu mama. Ninakuambia haya kwa sababu wengi wanafika hospitali na sentimita 2, wanakaa kwenye benchi usiku kucha hawali hawalali, na uchungu wa kweli unapoanza asubuhi nguvu imekwisha. Kipindi kile cha mwanzo, kama ni mchana, kaa nyumbani. Kunywa uji, kula ndizi, tembea, oga maji ya uvuguvugu. Kama ni usiku, lala katikati ya maumivu, hata dakika tano tano. Kojoa kila baada ya saa mbili, kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka.

Uchungu ukija kila dakika tano, unakaa karibu dakika nzima, na umekwenda hivyo kwa saa moja, ondoka. Wewe una alama na unakaa nje ya mji, kwa hiyo usisubiri zaidi ya hapo, na kama barabara ni mbaya au ni msimu wa mvua, ondoka mapema zaidi. Kuna mambo ambayo hayasubiri uchungu hata kidogo: chupa ikipasuka, hasa maji yakiwa ya kijani au yananuka, damu inayotoka kama hedhi (ute wenye michirizi ya damu ni kawaida), mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au nyota, uso kuvimba ghafla, homa, au uchungu wowote kabla ya wiki ya 37. Hapo ni kwenda, saa yoyote.

Ukifika leba, usipande kitandani kulala chali kama hakuna aliyekuambia sababu. Tembea, egemea, piga magoti. Wanawake waliosimama na kutembea katika hatua ya kwanza, kwa mapitio ya tafiti ya mwaka 2013, walimaliza hatua hiyo mapema kwa zaidi ya saa moja. Wakati wa kusukuma, mwombe mkunga kwa adabu: "Dada, naweza kulala ubavu?" au kupiga magoti. Wapo watakaokubali kwa furaha, wapo waliozoea chali tu, na usigombane nao katikati ya uchungu. Jambo moja ushike: usianze kusukuma kwa kuwa mtu kasema njia imefunguka. Ngoja mwili wenyewe ukusukume, ni hamu kama ya choo kikubwa, huwezi kuikosea. Na kichwa kinapokuja na kuchoma, mkunga akisema acha kusukuma, hema kama aliyekimbia, mdomo wazi. Hapo ndipo msamba unapopata muda wa kutanuka badala ya kuchanika.

Huo msamba unaweza kuuandaa kuanzia wiki ya 34 au 35. Kata kucha, nawa mikono, paka mafuta safi ya nazi kwenye vidole gumba. Egemea mito, ingiza vidole hivyo ukeni sentimita tatu au nne, bonyeza kuelekea haja kubwa, shikilia hadi usikie kuvuta na kuchoma kidogo kwa dakika moja au mbili, kisha telezesha pande zote mbili kama umbo la kikombe. Dakika chache, mara moja au mbili kwa wiki zinatosha, kila siku hakuongezi faida. Kwa mimba ya kwanza inapunguza uwezekano wa kuchanika hadi kushonwa. Usifanye kama unatokwa damu, una maambukizi, chupa imepasuka au kondo limekaa chini. Tendo la ndoa nalo halina ubaya kama huna hayo, ila usiambiwe kwamba mume akiwa safarini njia yako haitalainika. Haina ukweli.

Sasa neno ambalo hukuliuliza lakini liko ndani ya swali lako. Unaweza kufanya yote haya, na bado saa sita za usiku daktari akaja akasema mtoto amechoka, twende. Ikiwa hivyo, uliza sababu kwa sentensi moja, kisha kubali haraka. Upasuaji uliofanyika kwa wakati ni uzazi, na mwanamke aliyepasuliwa amezaa sawasawa na mwenzake. Damu uliyoijenga miezi hii, kutembea na kulala kwako, vyote vitakusaidia kupona kidonda. Mimba ijayo pia una nafasi ya kuzungumza na daktari juu ya kujaribu njia ya kawaida, kutegemea sababu ya upasuaji na jinsi ulivyoshonwa. Usimruhusu jirani yeyote akuambie umeshindwa kuzaa. Nakusihi hilo kwa moyo wangu wote, nimewaona mabinti wakilia juu ya mtoto mzima mwenye afya kwa sababu ya neno hilo.

Usafiri upange na mume kabla hajaondoka. Namba mbili za wenye bajaji au taksi wanaoamka usiku, waulizwe kabisa kama watakuja, na nauli iwekwe pembeni isiguswe. Bodaboda kwa mama mwenye uchungu hapana. Mjue kundi lako la damu, na ndugu wawili wa kukuchangia wajulikane kwa majina. Mume akiwa njiani, simu yake isiwe ya kuombwa ruhusa. Mwambieni sasa akiri mbele ya mama yake kwamba maamuzi ya hospitali yasimngoje yeye.

Mfuko uwe tayari wiki ya 36. Uliza hospitali yako wanataka nini, kwa kawaida ni mpira wa kujifungulia, glavu, pamba, nyembe mpya, vibana kitovu, beseni na nguo za mtoto, pamoja na pedi kubwa na chupa ya chai yenye sukari. Kadi ya kliniki ikae juu kabisa. Na khanga tano au sita zisiwe mpya kutoka dukani. Zifue mara mbili tatu, zianikwe juani, zipigwe pasi, kwa sababu ya kwanza kati ya hizo ndiyo atakayofutwa nayo mtoto kabla hawajamweka kifuani kwako, na ya pili ndiyo mtakayofunikwa nayo wote wawili anapotafuta ziwa.